Turudishieni Maggie Evans

Maggie Evans alikuwa mhudumu kwenye mgahawa wa hoteli katika mji wa kubuni wa Collinsport, jimbo la Maine. Baba yake alikuwa mchoraji aliyependa chupa, mchumba wake kijana wa kawaida wa mjini, na kazi yake ilikuwa kumimina kahawa na kupiga soga na wateja. Mwaka 1967, katika tamthilia ya Dark Shadows iliyorushwa na kituo cha ABC cha Marekani, bwana mmoja mstaarabu aitwaye Barnabas Collins alimpenda. Alimpenda kwa sababu sura yake ilimkumbusha Josette, mwanamke aliyemfia zaidi ya karne moja na nusu nyuma. Basi akamnyonya damu shingoni, akamteka, akamvika gauni la marehemu, akampa kisanduku cha muziki asikilize wimbo ule ule usiku baada ya usiku. Alipokataa kuitikia jina la Josette, akamfungia kwenye selo chini ya nyumba yake.

Hayo ndiyo mapenzi ya Barnabas Collins. Hakuna mwandishi aliyehitaji kuyatafutia kitisho cha kuongezea, kwani kitisho kilikuwamo ndani ya gauni lenyewe, ndani ya kile kisanduku, ndani ya sauti ya upole inayomwita binti wa watu kwa jina la maiti. Na watazamaji walimpenda! Jonathan Frid, mwigizaji wa jukwaani kutoka Hamilton nchini Kanada, alidhani amepata kibarua cha wiki chache tu. Akajikuta anapokea barua za mashabiki kwa maelfu. Tamthilia iliyokuwa taabani kwa kukosa watazamaji ikapata uhai, ikaendelea hadi Aprili 1971, ikafunga hesabu na vipindi 1,225. Mtayarishaji wake, Dan Curtis, alikuwa ameingiza vampaya kama mtu anayerusha karata yake ya mwisho mezani, na karata hiyo ikala.

Tangu siku hizo, kila anayekabidhiwa kazi ya kuitengeneza upya hadithi hii, au hadithi nyingine yoyote ya vampaya, huingia kwenye chumba cha waandishi na swali lile lile: tuweke hofu kiasi gani, na mapenzi kiasi gani? Nasema swali hilo ni bovu, na limeshaua tamthilia nyingi kuliko ukosefu wa fedha. Ukishaviweka viwili hivyo kwenye mizani umeshavitenganisha, na ukishavitenganisha unabaki na mauaji yasiyomuuma mtu upande mmoja, na uchumba usio na hatari yoyote upande wa pili. Kisha unashangaa kwa nini watazamaji wanahama kituo. Hadithi ya vampaya inasimama pale tu mtu mmoja anapobeba vyote: yule anayependwa awe ndiye anayeumizwa, na yule anayemuumiza awe ndiye tunayemtamani tukiwa tumekaa sebuleni kwetu, na tuone aibu kwa kumtamani.

Cha kusikitisha ni kwamba wa kwanza kuvunja kanuni hii alikuwa Curtis mwenyewe. Mwaka 1970, tamthilia ikiwa bado hewani, alitengeneza filamu ya sinema kutokana nayo, House of Dark Shadows. Humo alifanya mgawanyo ambao umekuwa kama sheria kwa waliomfuata. Maggie akapewa kuposwa na kubembelezwa. Binti mwingine, Carolyn, akapewa kung'atwa, kufa, kufufuka na kuchomwa mti moyoni. Mwanamke wa maua na mwanamke wa damu. Mwaka 1991, NBC ilipompa Curtis nafasi ya kuirudisha Dark Shadows kwenye televisheni, na Ben Cross akichukua nafasi ya Barnabas, mgawanyo ukarudi vile vile. Victoria Winters, yaya aliyekuja kumlea mtoto wa nyumba, ndiye aliyefanana na Josette, na yeye akapata matembezi ya usiku na maneno matamu. Daphne ndiye aliyenyonywa, akazikwa, akatoka kaburini. Daphne alikufa kwa niaba ya Victoria ili sisi tuendelee kumpenda Barnabas bila bughudha.

Tamthilia ile ilidumu msimu mmoja tu. Mashabiki wake mpaka leo wanailaumu vita ya Ghuba, iliyoanza siku chache baada ya kipindi cha kwanza na kuvuruga ratiba za vituo vyote. Vita iliiumiza, sikatai. Lakini nimeiangalia tena kwa makini, nami nasema jeraha lilikuwapo kabla ya bomu la kwanza kuanguka Baghdad. Ilikuwa na fedha, ilikuwa na mavazi mazuri, ilikuwa na Barbara Steele na Jean Simmons, waigizaji wazito wawili. Ilichokosa ni mtu mmoja wa kumwogopea. Victoria akiwa na Barnabas, moyo wangu ulitulia tuli. Nilijua hatamdhuru, kwa kuwa kazi ya kudhuriwa ilishapewa mwingine.

Linganisha na Maggie. Picha zilikuwa bado nyeusi na nyeupe wakati ule. Mandhari ilikuwa ya kubandika, na kipindi kilirekodiwa mfululizo kana kwamba kiko hewani moja kwa moja, kwa hiyo mwigizaji akikosea neno, kosa lilibaki. Macho ya Frid mara kwa mara yalikimbilia ubao wa maneno. Kwa vigezo vya ufundi vya leo ni kazi ya kuonea huruma. Lakini mtazame Kathryn Leigh Scott, aliyeigiza Maggie, akiwa mbele ya kioo na lile gauni. Kwa dakika nzima ni Josette, anatabasamu, anazunguka taratibu, muziki unalia. Halafu kitu kinakatika machoni pake na anaanza kulitafuta jina lake mwenyewe. Anajua ana jina. Analitafuta mdomoni kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, huku mwanamume anayemtazama amesimama nyuma yake akisubiri kwa uvumilivu mkubwa, kwa mapenzi makubwa, ashindwe kulipata. Mwenye kuniambia hapo hofu ni asilimia ngapi na mapenzi asilimia ngapi, aje anionyeshe alipochora mstari.

Sasa nije kwenye ugonjwa mkubwa zaidi, ambao umesambaa kutoka Dark Shadows hadi kwenye nyumba yote ya vampaya. Ni ule ujanja wa mpenzi aliyezaliwa upya. Katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, Dracula hana mchumba aliyempoteza. Hamfuati Mina Harker kwa sababu ya mapenzi ya kale. Anamlazimisha kunywa damu kutoka kifuani pake ili kuwakomoa wanaume wanaomwinda. Curtis ndiye aliyemchukulia Dracula jeraha la Barnabas na kulipeleka kwenye televisheni, katika Dracula ya mwaka 1974 iliyoandikwa na Richard Matheson, ambamo Dracula wa Jack Palance anamwona Lucy na kumkumbuka mkewe wa zamani. Mwaka 1992 Francis Ford Coppola akaufanya ujanja huo kuwa moyo wa filamu yake, tena akaibandika jina la Stoker. Mina sasa ni Elisabeta, mke wa kale wa Dracula, aliyerudi. Anakumbuka. Anakubali. Analia kwa furaha.

Tazama kilichotokea hapo. Barnabas alipomwambia Maggie kwamba yeye ni Josette, lile lilikuwa kosa, na kosa hilo ndilo lililokuwa hadithi. Mwanamume amepofushwa na msiba wake hadi hamwoni tena mtu aliye mbele yake. Lakini ukimfanya mwanamke awe kweli ndiye marehemu, umempa mtekaji haki. Alikuwa sahihi kumfuata, alikuwa sahihi kumtoa kwa mchumba wake, na kila hapana aliyotamka ilikuwa usahaulifu tu unaohitaji kutibiwa. Uovu wote unasafishwa kwa kalamu moja. Nasoma mapitio ya wakosoaji wanaoliita hili penzi la milele, nami nabaki nikijiuliza kama wanasikia wanachokisema.

Mtazamaji wa Mombasa, Tanga au Unguja hahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa Hollywood. Tumekua tukisikia habari za jini mahaba, anayempenda binadamu kwa wivu hadi ndoa zake hazidumu, na kila mchumba anayekuja anakimbia bila sababu inayoeleweka. Hakuna mama wa pwani anayeambiwa binti yake amependwa na jini mahaba akapiga vigelegele. Anavaa baibui, anatoka kutafuta mtu wa kumsomea. Simulizi zetu zilijua tangu zamani kwamba kupendwa kunaweza kuwa ndiko balaa lenyewe, na hazikuhitaji kugawa sehemu ya kwanza iwe ya kupendeza na sehemu ya pili iwe ya kutisha.

Sisemi ujanja wa aliyezaliwa upya hauwezi kufanya kazi. Filamu ya Blacula ya mwaka 1972 iliutumia. William Marshall ni Mamuwalde, mwanamfalme wa Kiafrika anayekwenda kwa Dracula mwaka 1780 kuomba msaada wa kukomesha biashara ya utumwa, akageuzwa vampaya na kufungiwa kwenye jeneza. Anaamka Los Angeles, anakutana na Tina anayefanana kabisa na mkewe, na Tina anampenda. Lakini filamu ile, pamoja na uduni wa bajeti yake, haikumsamehe. Watu wanakufa mikononi mwake, na mwisho Tina naye anakufa kwa sababu ya mapenzi hayo hayo. Mamuwalde anapanda ngazi kwa miguu yake hadi kwenye mwanga wa jua. Penzi lilikuja na deni, na deni likalipwa mbele ya macho yetu.

Deni ndilo ambalo waandishi wa leo wanalikimbia. Televisheni ina tatizo ambalo sinema haina, nalo ni njaa. Filamu ya saa mbili inaweza kumlisha vampaya mara tatu ikaisha. Tamthilia ya misimu minane, kama The Vampire Diaries iliyoanza 2009, inapaswa kumlisha kijana mtanashati kila wiki kwa miaka. Akiua kila wiki, mtazamaji atamchoka au atamchukia. Asipokula kabisa, huyo si vampaya tena. Njia za mkato zikagunduliwa. Mmoja anakunywa damu ya wanyama msituni. Mwingine anafungua mfuko wa damu uliotoka hospitali kama anayefungua soda. Katika True Blood kukawa na damu ya kutengenezwa kiwandani, inayouzwa kwenye chupa, ingawa angalau tamthilia ile iliufanya mjadala wa chupa hiyo kuwa siasa yake. The Vampire Diaries ikaongeza la kuongeza: vampaya wake wanaweza kuuzima utu wao kama anayezima taa, wakafanya unyama msimu mzima, kisha wakauwasha tena na kusamehewa kwa kuwa hawakuwa wao. Sitasahau hasira niliyopata nilipoelewa kwamba ule mtambo wa kuzima na kuwasha hisia uliwekwa pale kwa faida ya mwandishi. Unamwezesha kumpa Damon, mmoja wa vampaya hao, mauaji yote ya kutisha anayotaka bila kumgharimu busu hata moja.

Dark Shadows ya kwanza ilikutana na tatizo hilo hilo na ikalijibu kwa namna ambayo hadi leo inanishangaza. Ilimleta daktari. Julia Hoffman, aliyeigizwa na Grayson Hall, anaingia kama mganga wa akili anayemtibu Maggie baada ya kutoroka. Na kumbuka aliyemwonyesha Maggie njia ya kutoroka: mzimu wa mtoto Sarah, dada yake Barnabas mwenyewe. Julia anagundua siri ya Barnabas na badala ya kumtangaza, anataka kumponya. Anamdunga sindano. Tiba inapoharakishwa, miaka yake yote inamwangukia mara moja, anakuwa kikongwe aliyekunjamana kwa ufundi wa mpambaji Dick Smith, na kilichomrudishia ujana ni damu ya Carolyn, binti wa ukoo wake mwenyewe. Njaa haikufichwa kwenye jokofu. Ilikuwa na uso na jina, na ilikaa meza moja na familia.

Na Julia? Julia anampenda. Hampati, kwani macho ya Barnabas yako kwa wanawake wanaomkumbusha Josette, wala si kwake, mwanamke wa makamo mwenye sigara na akili kali. Anampenda hata hivyo, na tamthilia ile inatuonyesha hatua kwa hatua mapenzi yale yanamfanya nini. Kwanza anatumia ustadi wake wa kumtia mtu usingizi wa kitabibu kufuta kumbukumbu za Maggie, mgonjwa wake, ili asije akamtaja Barnabas. Baadaye mwenzake wa kazi, Dokta Woodard, anapoikaribia siri, anauawa kwa sindano na kifo chake kinafanywa kionekane ni cha moyo. Julia ndiye aliyeitayarisha dawa. Barnabas ndiye aliyeidunga. Woodard alikuwa rafiki yake tangu zamani.

Soma tena mambo hayo mawili, halafu uniambie penzi gani la televisheni ya leo lina uzito huo. Daktari anayeapa kuponya anamwibia mgonjwa wake ukweli wa kilichompata, kwa ajili ya mwanamume aliyemtesa mgonjwa huyo, ambaye wala hamtazami. Hapo huhitaji meno wala popo wala ukungu. Ukimwondoa Barnabas ukamweka mume mwenye pesa au mhubiri mwenye jina kubwa, kila mtazamaji atawatambua watu hao kutoka mtaani kwake. Ndiyo maana naamini Julia Hoffman ndiye mhusika bora wa mapenzi katika hadithi zote za vampaya, na ndiyo maana nakasirika ninapoona matoleo mapya yanamgeuza kichekesho. Katika filamu ya Tim Burton ya mwaka 2012 amefanywa mlevi mwenye nywele nyekundu anayetaka ujana wa bure.

Filamu ile nitaipitia haraka, maana haistahili muda mrefu. Johnny Depp, akiwa Barnabas, anatoka kwenye jeneza na kuwaua mafundi waliomfukua, akiwaomba radhi kwa heshima. Baadaye anaketi na vijana kwenye moto wa kambi, wanazungumza vizuri, kisha anawaua wote. Yote yamepangwa tucheke. Mwathirika ambaye kifo chake ni mzaha hawezi kulibebesha penzi uzito wowote, kwa hiyo Barnabas anaporudi kwenye mapenzi yake na Victoria, tunamwangalia mtu aliyevaa vizuri akisema maneno ya kadi ya Valentine. Filamu hiyo pia inafunguliwa na maelezo ya laana yake: mchawi Angelique alivyomtaka, akakataliwa, akamlaani, na jinsi Josette alivyojirusha baharini. Tunapewa sababu ya kumhurumia kabla hatujapewa sababu ya kumwogopa.

Mpangilio huo ni kosa la ufundi, na lina dawa. Dark Shadows ya kwanza ilituacha na Barnabas kuanzia Aprili hadi Novemba 1967 tukimjua kama mtekaji na muuaji mwenye maneno mazuri. Ndipo Victoria wa toleo hilo, naye yaya, alipovutwa nyuma hadi mwaka 1795, na tukaonyeshwa yote. Tunamwona Barnabas kijana, mpole, mwenye mapenzi ya kweli na Josette. Tunamwona akilaaniwa. Tunamwona dada yake mdogo, Sarah, akimkuta na damu mdomoni usiku wa baridi, akikimbia na kujificha kwa hofu, akiugua, na kufia mikononi mwa kaka yule yule aliyemkimbia. Mama anajiua baada ya kujua mwanawe amekuwa nini. Baba anashindwa kumuua kama alivyoombwa, anaamuru jeneza lifungwe minyororo. Tunalia, naam, lakini tunamlilia mtu ambaye tumeshamwona akimfungia Maggie chini ya nyumba. Huruma inakuja ikiwa imechelewa, haiwezi kufuta kitu, na kwa sababu haiwezi kufuta inauma. Mwandishi anayeanza na laana anatumia fedha yake yote siku ya kwanza ya mwezi.

Watu wananiambia zama zimebadilika, kwamba mtazamaji wa leo havumilii ukatili ndani ya mapenzi. Jibu langu ni Interview with the Vampire, iliyoanza AMC mwaka 2022 chini ya uandishi wa Rolin Jones, kutoka kwenye riwaya ya Anne Rice ya mwaka 1976 na baada ya filamu ya 1994. Hili ni toleo jipya lililofanywa na watu wasioogopa. Louis si tena mwenye shamba la watumwa wa Louisiana. Ni mtu mweusi mwenye danguro katika mtaa wa Storyville, New Orleans, mwaka 1910, anayesimulia maisha yake akiwa Dubai. Mwisho wa kipindi cha kwanza anaingia kanisani kuungama, amemzika ndugu yake, amejaa aibu. Lestat, vampaya anayempenda, anamfuata humo humo. Anamuua padri. Na damu ikiwa bado mdomoni, kanisa likiwa limechafuka, anazungumza naye maneno ya mapenzi ambayo hakuna mtu katika maisha ya Louis aliyewahi kumwambia: kwamba anamwona, kwamba hana haja ya kujificha, kwamba anatosha. Ni posa nzuri kuliko zote nilizoziona kwenye televisheni, na maiti iko hatua chache. Louis anaisikia posa na anaiona maiti. Anakubali. Kila kitakachofuata kimo kwenye kukubali kule.

Na mapigo yanafuata. Kipindi cha tano Lestat anampiga Louis hadi haelewi aliko, anampandisha angani na kumwachia aanguke. Mashabiki wengine walikasirika. Walisema mpenzi wao ameharibiwa. Nawaheshimu, lakini wamekosea. Yule ndiye yule yule wa kanisani. Alichobadilisha ni mwelekeo tu. Kisha anakuja na zawadi na msamaha, na Louis, kama wengi tunaowajua, anafungua mlango. Anayelipia mlango ule ni Claudia, binti waliyemgeuza akiwa na miaka 14, ambaye atabaki na mwili huo milele ilhali akili yake inazeeka. Rice aliandika riwaya yake baada ya kumzika binti yake mdogo aliyekufa kwa saratani ya damu mwaka 1972, na kivuli hicho hakijamtoka Claudia katika toleo lolote. Tamthilia haikumweka pale apambe nyumba ya wapenzi wawili. Ni shahidi. Anaandika shajara. Kila Louis anapotaka kutuuzia penzi lake kama wimbo mtamu, shajara ya Claudia inaletwa mezani.

Hoja nyingine wanayonitupia ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Wanasema mapenzi yanawekwa kwa ajili ya wanawake na hofu kwa ajili ya wanaume, kwa hiyo lazima kila upande upewe haki yake. Ni nani aliyewaambia? Waliomfanya Barnabas kuwa nyota walikuwa kwa sehemu kubwa wanawake waliokuwa nyumbani mchana, pamoja na watoto. Waliketi wakamwangalia mhudumu wa mgahawa akinyang'anywa jina lake siku baada ya siku, na hawakuzima. Walielewa. Pengine walielewa zaidi ya waandishi wenyewe, maana wengi wao walijua maana ya mwanamume mpole anayekuchagulia nguo na kukuambia wewe ni nani. Kumpa mwanamke huyo uchumba uliochujwa kila chenye ncha ni kumdharau. Ni kumwambia hawezi kutamani na kuogopa kwa wakati mmoja, wakati amekuwa akifanya hivyo tangu alipovunja ungo.

Hata BBC, yenye waandishi hodari kama Steven Moffat na Mark Gatiss, ilijikwaa hapo kwenye Dracula yao ya Januari 2020. Vipindi viwili vya mwanzo ni vya kutisha kwelikweli, na mazungumzo ya Claes Bang, Dracula mwenyewe, na Dolly Wells, mtawa Agatha, yana joto kuliko busu lolote, kwa sababu katika kila sentensi mmoja wao anaweza kufa. Kipindi cha tatu wakahamia London ya leo, wakaelezea kila kitu: jua halimdhuru, msalaba hauna nguvu, yote ni mazoea ya kuogopa kifo. Hofu ikaondolewa mlangoni kama viatu, na wawili hao wakamalizia kwenye kukumbatiana kwa ndoto. Joto lote liliisha pale pale hatari ilipoisha.

Dark Shadows imejaribiwa tena tangu wakati ule. Mwaka 2004 kituo cha WB kilirekodi kipindi cha majaribio, Alec Newman akiwa Barnabas, na hakikuchukuliwa. Mwaka 2019 CW ikatangaza mpango wa mwendelezo ulioandikwa na Mark B. Perry, nao haukufika hewani. Atakuja mwingine, nina hakika, kwani jina hilo bado lina thamani. Kwa huyo atakayekuja nina maombi ya mtu anayeipenda kazi hii. Mwache Victoria apumzike. Mrudishe Maggie, mpe kazi na baba na mchumba na utani wake, tumpende kwanza yeye. Kisha mlete Barnabas, mzuri kadiri unavyoweza kumpata, na umfanye amtende yale yale aliyomtenda 1967. Usimwoneshe Josette hadi tumeshamchukia Barnabas. Mweke Julia kwenye kiti cha daktari, na siku anapozifuta kumbukumbu za mgonjwa wake, kamera isimwache usoni hata sekunde moja. Na mkubwa wa kituo akikuambia hayo ni mazito mno kwa watazamaji wa usiku, mwambie ABC iliyarusha alasiri, katikati ya matangazo ya sabuni, watoto wakikimbia kutoka shule wasikose mwanzo.